Nembo ya kilimo hai kwenye CBD: kuisoma, kuihakiki na kuipata

Chupa ya mafuta ya CBD, kiambato cha mmea wa hempu, ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 1,000 ina CBD gramu moja tu. Hata ukijumlisha nta, rangi ya kijani na mengine yanayotoka pamoja nayo kwenye mmea, dondoo lote la hempu ni kama gramu moja na nusu. Gramu 27 zinazobaki ni mafuta ya kubebea: ya nazi, ya zeituni au ya mbegu za hempu. Basi mtu anaweza kununua mafuta safi ya nazi ya kilimo hai, akatia humo dondoo la hempu iliyopuliziwa kila aina ya dawa, kisha akaandika "organic" mbele ya chupa kwa herufi kubwa. Kwa mizani hadanganyi sana, maana karibu asilimia 95 ya kilichomo ni cha kilimo hai kweli. Sheria ya Marekani inamkatalia hata hivyo, na ukishajua kwa nini inamkatalia, lebo nyingine zote zinasomeka kwa urahisi.

Tuelewane maneno kwanza. Hempu ni mmea uleule wa bangi, Cannabis sativa, ila ni wa aina zenye THC kidogo, na THC ndiyo inayolevya. (Wapo wanaoiita katani. Kwa Mtanzania katani ni mkonge, na kuchanganya mimea hii miwili kwenye karatasi za forodha ni balaa la kujitakia.) CBD, yaani kanabidioli, haileti ulevi huo, nayo hupatikana kwa wingi kwenye maua ya mmea jike. Sheria ya Kilimo ya Marekani iliyosainiwa Desemba 2018 iliiondoa hempu kwenye orodha ya dawa za kulevya kwa sharti kwamba THC isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Leo mkulima wa hempu huko huomba cheti cha kilimo hai kwa njia ileile ya mkulima wa nyanya, chini ya mpango wa taifa unaosimamiwa na Wizara ya Kilimo, USDA. Wizara haikagui mashamba yenyewe. Inayaidhinisha mashirika ya uthibitishaji, kama CCOF la California au Oregon Tilth, na hayo ndiyo yanayotuma wakaguzi na kutoa vyeti.

Ile asilimia tano

Kanuni zinazotumika tangu Oktoba 2002 zina madaraja manne. "100% organic" inajieleza. "Organic" inataka angalau asilimia 95 ya uzito, bila kuhesabu maji na chumvi. "Made with organic" inataka angalau asilimia 70, na mbele ya lebo inaruhusiwa kutaja viungo au makundi ya viungo yasiyozidi matatu. Chini ya hapo, neno "organic" linakaa kwenye orodha ya viungo tu. Nembo ya duara ya USDA ni haki ya madaraja mawili ya juu, basi.

Wengi wakishasikia 95 hudhani ile tano iliyobaki ni ya kujaza chochote. La. Kiungo cha shamba kisicho cha kilimo hai kinaruhusiwa humo ikiwa tu kimetajwa kwa jina kwenye orodha ya taifa, tena pale ambapo cha kilimo hai hakipatikani sokoni. Dondoo la hempu halimo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana chupa yetu ya nazi safi na hempu ya kawaida inakosa daraja la "organic", hata hempu yake ikiwa tone moja. Ikishathibitishwa inaweza kusema kwamba imetengenezwa kwa mafuta ya nazi ya kilimo hai, lakini nembo ya duara haipati. Ukiiona nembo hiyo mahali ilipowekwa kihalali, jua kwamba hempu yenyewe imelimwa na kukamuliwa kwa masharti ya kilimo hai.

Namna ya kuihakiki chupa kabla hujailipia

1. Geuza chupa. Chini ya jina la mtengenezaji au msambazaji lazima pawepo maneno "Certified organic by" na jina la shirika lililothibitisha. Nembo ikiwa mbele na jina hilo halipo nyuma, lebo ina kasoro.

2. Soma orodha ya viungo na utafute neno "organic" limekaa wapi. Likiwa limeshikamana na nazi pekee, na hempu imeandikwa "hemp extract" bila neno hilo, umekutana na ujanja wa aya ya kwanza.

3. Ingia kwenye hifadhidata ya USDA iitwayo Organic Integrity Database. Ni ya bure na haihitaji kujisajili. Andika jina la kampuni uangalie hali ya cheti: hai, kimesimamishwa, kimerudishwa au kimefutwa. Kisha angalia cheti kinahusu kazi gani, maana hapa ndipo watu wanapotegwa. Cheti cha mazao kinafunika shamba, na cheti cha usindikaji kinafunika kiwanda. Kampuni ikikuonyesha cheti cha mkulima aliyeiuzia maua, hakithibitishi kilichofanyika kiwandani. Jina la chapa lisipoonekana usikate tamaa papo hapo, kwa sababu chapa nyingi hujaziwa chupa na kiwanda kingine. Waulize jina la kiwanda hicho ulitafute. Tangu kanuni mpya za udhibiti zilipoanza kutekelezwa tarehe 19 Machi 2024, vyeti hutolewa kutoka kwenye hifadhidata hiyohiyo, kwa hiyo karatasi ya PDF isiyolingana na kilichomo ina walakini.

4. Omba cheti cha uchambuzi cha maabara chenye namba ya bechi inayofanana na iliyopigwa kwenye chupa. Cheti cha bechi nyingine, au cha mwaka juzi, hakina kazi kwako. Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025.

Hatua ya nne haidaiwi na kilimo hai, nasi tunaiweka kwa makusudi. Nembo inaeleza namna zao lilivyolimwa na kusindikwa. Haielezi kama miligramu zilizoandikwa zimo kweli. Wala haipimi madini mazito: mzizi wa hempu ni hodari wa kufyonza kadimiamu, risasi na nikeli, na udongo uliochafuliwa miaka 40 iliyopita na kiwanda cha jirani unaweza kutimiza sharti la kilimo hai la ardhi kukaa miaka mitatu bila dawa pasipo shida yoyote. Kisha ukamuaji unakoleza kila kitu. Kilo kumi za maua makavu zikitoa kilo moja ya dondoo, kadimiamu inayoingia pamoja nalo inaweza kukolea karibu mara kumi. Kwenye cheti tafuta kurasa sita: nguvu ya CBD na THC, madini mazito, viuatilifu, mabaki ya viyeyushi, vijidudu, na sumukuvu. Watengenezaji wengi huonyesha ukurasa wa kwanza tu.

Nembo pia si kibali cha dawa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema Januari 2023 kwamba taratibu zilizopo za chakula na virutubisho haziifai CBD, na dawa ya CBD iliyoidhinishwa tangu 2018, Epidiolex, ni ya aina chache za kifafa na huandikwa na daktari. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu au za kifafa amuulize daktari kwanza. CBD huchakatwa na ini kwa njia ambazo dawa hizo nazo hupitia, na kilimo hai hakibadilishi hilo.

Shambani

Ardhi iwe imekaa miezi 36 bila kitu kilichopigwa marufuku kabla ya mavuno ya kwanza yatakayouzwa kama ya kilimo hai. Muda unahesabiwa hadi mavuno, si hadi kupanda, na jambo hilo linaweza kumwokolea mkulima msimu mzima. Kama hukuimiliki ardhi muda wote huo, pata tamko lililosainiwa na aliyekuwa akiilima.

Mpango wa kilimo hai, ambao ndio fomu ya maombi yenyewe, unataja kila pembejeo kwa jina la kibiashara, ramani ya mashamba, majirani wanalima nini, maji yanatoka wapi, na mzunguko wa mazao. Hempu juu ya hempu kila mwaka haitapita, na hata ikipita, mnyauko wa Fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, utakufundisha. Upande wa jirani anayepuliza dawa acha ukanda wa kinga. Kanuni haitaji mita, ila wathibitishaji wengi huanzia mita nane hivi na kuongeza kulingana na upepo na aina ya dawa. Kilichoota kwenye ukanda huo kinavunwa, kinahifadhiwa na kuuzwa kando, tena kiandikwe. Chavua ya madume ya jirani ni hasara ya aina nyingine: jike likishachavushwa linajaza mbegu na CBD inashuka, lakini cheti hakiguswi.

Panapowaangusha wengi ni kwenye miche. Mbegu zisizo za kilimo hai zinakubalika kama huwezi kupata aina inayolingana nayo ya kilimo hai, mradi hazijapakwa dawa wala hazijabadilishwa vinasaba, na uwe na ushahidi kwamba ulitafuta (watatu uliowauliza, na majibu yao). Miche ya zao la mwaka mmoja haina unafuu huo: lazima iwe ya kilimo hai. Hempu ya CBD mara nyingi hupandwa kwa vipandikizi vilivyochukuliwa kwa mmea mama, na vitalu vingi huchovya vipandikizi kwenye homoni ya mizizi, IBA ya kutengenezwa, ambayo hairuhusiwi. Mkulima ananunua miche 3,000 yenye afya, anaipanda kwenye ardhi safi ya miaka mitatu, na mkaguzi anaposoma risiti ya kitalu zao lote linaondolewa kwenye kilimo hai. Pata cheti cha kitalu kabla ya kulipa malipo ya awali. Kwa mbegu za majike pekee, ambazo huzalishwa kwa kupulizia mmea mama myeyusho wa madini ya fedha, muulize mthibitishaji kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi.

Samadi mbichi ichanganywe na udongo angalau siku 90 kabla ya mavuno, kwa kuwa ua la hempu haligusi udongo. Kwa mazao yanayogusa ni siku 120. Mboji haina kungoja huko kama imepikwa sawasawa: uwiano wa kaboni na naitrojeni kati ya 25:1 na 40:1, na joto la nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi. Tuta la kugeuzwa likae kwenye joto hilo siku 15 na ligeuzwe angalau mara tano. Andika joto kila siku. Mkaguzi haipimi mboji yako, anasoma daftari lako.

Kiuatilifu kinapita milango miwili. Kwanza kiruhusiwe kwenye kilimo hai. Pili lebo yake iliyosajiliwa na shirika la mazingira, EPA, iruhusu kutumika kwenye hempu. Bacillus thuringiensis kwa viwavi na bikaboneti ya potasiamu kwa ubwiri unga zinakubalika kwenye kilimo hai, lakini si kila chapa yake imeandikwa hempu. EPA ilikubali kundi la kwanza la dawa kumi kwa hempu Desemba 2019, na tisa kati yake zilikuwa za asili ya kibiolojia. Mwarobaini una shida yake: ukipuliza baada ya maua kufunga, mafuta yake yanakaa kwenye utomvu na kutokea maabara. Mkaguzi naye anaweza kuchukua sampuli. Kila mthibitishaji analazimika kupima angalau asilimia tano ya wateja wake kwa mwaka. Mabaki yakizidi asilimia tano ya kiwango ambacho EPA inakiruhusu kwa zao la kawaida, zao haliuzwi kama la kilimo hai, hata kama dawa ililetwa na upepo.

THC ni mtihani wa kando, wala kilimo hai hakikulindi nao. Sampuli huchukuliwa ndani ya siku 30 kabla ya kuvuna, kwenye ncha za juu za maua, na maabara hujumlisha THC pamoja na THCA (THC ikiwa bado katika umbo la asidi) iliyozidishwa kwa 0.877. Kwa aina nyingi za hempu CBD ni kama mara 25 ya THC. Piga hesabu: kwa THC ya asilimia 0.3 utapata CBD ya asilimia 7.5 hivi. Anayengojea CBD ya asilimia 12 ana THC karibu 0.5 shambani, na zao lake lazima liharibiwe, au maua yatupwe na kubaki mashina, au mmea wote usagwe na kupimwa upya. Anza kupima mwenyewe kila wiki maua yanapoanza kujaa.

Kiwandani

Kanuni inakataza viyeyushi vya kutengenezwa vinavyovukiza haraka. Butani, propani na heksani haziingii kabisa. Hewa ya ukaa, CO2, inaruhusiwa: ikibanwa zaidi ya bari 74 na kupita nyuzi 31 inakamua utomvu, na ukiilegeza inaondoka yote. Ethanoli nayo inafaa, lakini iwe ya kilimo hai, ya miwa au nafaka. Viwanda vya hempu hupenda ethanoli iliyotiwa heptani ili isinyweke na isilipiwe kodi ya pombe. Pipa moja la namna hiyo linaharibu kila bechi iliyopita humo. Muuzaji akikuambia "ni ethanoli ile ile", muombe cheti chake na karatasi ya viambato.

Baada ya kukamua, dondoo huyeyushwa kwenye ethanoli na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi ili nta ijitenge, kisha huchujwa. Udongo wa dayatomu na bentonaiti zinakubalika kuchujia, na mkaa wa asili ya mimea pia. Udongo mweupe ulioamshwa kwa asidi, ambao wengi huupenda kwa kung'arisha rangi, usiufungue kabla mthibitishaji hajakubali.

CBD ya unga mweupe, ile ya asilimia 99, huwa kwa kawaida imeganda kutoka kwenye pentani au heptani. Ukiona nembo ya kilimo hai kwenye bidhaa iliyotengenezwa kwa unga huo, tilia shaka na uulize ulivyosafishwa. Delta-8 (aina ya THC) na jamaa zake, zinazopikwa kutoka kwenye CBD kwa asidi na viyeyushi, hazina hata hoja.

Kiwanda kinachosindika hempu ya kilimo hai na isiyo ya kilimo hai kisafishe mitambo na kuandika kabla ya zamu ya kilimo hai, na mapipa yawe na alama tofauti. Mkaguzi wa sasa huja na hesabu mbili: ya mizani, yaani kilo za maua zilizoingia zilingane na lita zilizotoka ukitoa upotevu wa kawaida, na ya nyayo, yaani achague chupa moja rafuni na kuifuata hadi shambani. Ukiuza dondoo la kilo 12 kutoka kwenye maua ya kilo 60, jiandae kueleza. Kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano. Baadhi ya ukaguzi hufanywa bila taarifa.

Anayeuza bidhaa za kilimo hai zisizozidi dola 5,000 kwa mwaka hahitaji cheti, ila masharti yanambana vilevile, nembo hawezi kuitumia, na maua yake hayawezi kuwa kiungo cha kilimo hai kwenye chupa ya mtu mwingine. Atumiaye neno hilo kwa makusudi bila haki hutozwa faini inayoweza kuzidi dola 20,000 kwa kila kosa.

Krimu na losheni zina mambo yake. Zeri ya mafuta, nta ya nyuki na dondoo inaweza kupata nembo ya USDA. Losheni yenye maji inahitaji kiunganishi na kihifadhi, na vingi kati ya hivyo haviruhusiwi, ndiyo maana utaona nyingi zimekimbilia kiwango cha vipodozi cha NSF/ANSI 305 kinachodai asilimia 70 ya viungo vya kilimo hai.

Nje ya Marekani

Ulaya nembo ni jani la nyota kwenye kijani, na chini yake msimbo wa mdhibiti na asili ya malighafi. Kanuni yake ya sasa, 2018/848, inatumika tangu Januari 2022. Lakini huko dondoo la CBD la kuliwa huhesabiwa kuwa chakula kipya kinachohitaji idhini yake, na jani hilo haliileti.

Afrika Mashariki tuna nembo yetu, Kilimohai, iliyozinduliwa 2007 pamoja na kiwango cha pamoja cha kanda. Kwa korosho, kahawa na viungo ni mali. Kwa CBD haikusaidii, wala ya USDA haikusaidii, ukishuka Dar es Salaam au Nairobi na chupa mkobani, au ukibadilisha ndege Dubai. Sheria za dawa za kulevya za huko zinaangalia mmea, haziangalii ulivyolimwa. Mletee shangazi kitu kingine.

Tarehe ya kuandika ukutani

Sheria iliyosainiwa Marekani tarehe 12 Novemba 2025 inabadilisha maana ya hempu mwaka mmoja baadaye: bidhaa ya mwisho isizidi miligramu 0.4 za THC yote kwa chombo kizima. Isipobadilishwa kabla ya hapo, chukua ile chupa yetu ya miligramu 1,000. Dondoo kamili la mmea, kwa uwiano wa 25:1, lina THC miligramu 40, mara mia ya kikomo. Njia rahisi ya kushuka ni kutumia unga mweupe, nao ndio unaokosa cheti. Kuitenga THC kwa safu za kuchujia bila kiyeyushi kilichokatazwa kunawezekana, ila ni ghali, na kila kitu kinachojazwa kwenye safu hiyo lazima kiwe kimekubaliwa. Kwa hiyo anayeandika mpango wake wa kilimo hai sasa ajaze sehemu ya kutenga THC kwanza kabla ya kuagiza miche, na mnunuzi wa jumla adai kwenye mkataba kipimo cha THC kwa chombo, si kwa asilimia.